Ndani ya boti za mto Kongo, "chemsha maji" haitoshi

Mhariri,

Kipindupindu kikiibuka kando ya Ziwa Tanganyika au mto Kongo, tangazo huwa lile lile: chemsha maji ya kunywa. Kwa mtu aliye nyumbani kwake, mwenye jiko na mkaa, tangazo hilo ni sahihi. Kwa abiria aliyepanda boti ya mbao Kisangani kwenda Kinshasa, kilomita 1,734 za mto zinazoweza kuchukua siku kumi au wiki tatu, linamwacha njia panda. Boti hizo, ambazo Wakongo huziita baleinière, hubeba watu, mbuzi, magunia na mapipa ya mafuta juu ya mbao zile zile. Aprili 2025 boti ya namna hiyo iliwaka moto karibu na Mbandaka na watu zaidi ya mia moja wakafa. Maofisa wa huko walisema moto ulianzia kwa abiria aliyekuwa akipika ndani. Kila jiko linaloongezwa ili kuchemsha dumu la maji linaongeza hatari hiyo hiyo.

Tunaandika kuomba ushauri unaotolewa kwa wasafiri ubadilike, na wenye vyombo wabebe sehemu yao. Wasomaji wenu wengi wanahusika. Kiswahili kinamfikisha mfanyabiashara kutoka Kigoma hadi Kalemie, kutoka Kalemie hadi Kindu, kisha kwa boti za Lualaba hadi Ubundu na kwa reli hadi Kisangani. Kuanzia hapo anaingia kwenye Kilingala na kwenye safari ndefu kuliko zote.

Kwamba ugonjwa husafiri na boti, mwaka 2011 ulitosha kutuonyesha. Kipindupindu kilianza Kisangani mwezi Machi, kikashuka na mto kituo hadi kituo, Juni kikawa Kinshasa, kikavuka na ng'ambo katika Jamhuri ya Kongo. Na upande wetu wa ziwa, Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walirundikana Kagunga pasipo vyoo vya kutosha, wakinywa maji ya ziwa. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia kabla meli ya Liemba haijamaliza kuwavusha hadi Kigoma.

Kuna imani moja ya mtoni ambayo tunaisikia kila mahali: mto mkubwa unajisafisha wenyewe. Kuna ukweli ndani yake. Maji ya katikati ya mto Kongo ni mengi mno, na uchafu wa kijiji kimoja hutawanyika humo. Lakini abiria hachoti katikati ya mto. Anachota mita moja kutoka ubavuni mwa boti yenye watu mia mbili au zaidi, na choo cha boti ni kibanda chenye tundu kilichoning'inizwa tezini, nyuma kabisa, juu ya maji. Mhudumu naye anamwaga maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, yenye dizeli na mavi ya mbuzi, ubavuni humo humo. Boti ikiwa imefungwa ufukweni, uchafu huo wote unazunguka hapo hapo pamoja na wa boti nyingine tano zilizofungwa jirani. Hapo ndipo watu wengi hujaza madumu yao, kwa sababu boti imesimama na kuchota ni rahisi.

Kanuni ya kwanza basi ni ya mahali. Usichote boti ikiwa imefungwa. Chota chombo kikiwa kinatembea, mbali na ufuko, na chota omoni, mbele kabisa, mahali ambapo maji bado hayajapita ubavuni mwa boti. Kazi hiyo ifanywe na baharia mmoja mwenye ndoo maalumu ya kamba, isiyotumika kuogea wala kutolea maji ya ngama. Ndoo ya lita kumi ikizama boti ikiwa katika mwendo huvuta kwa nguvu ya kumtupa mtu majini, na mto ule haumrudishi mtu kirahisi.

Kabla ya hapo, chukua maji mengi kadiri unavyoweza kutoka nchi kavu. Hesabu yake ni hii: mtu mzima kwenye joto lile anahitaji lita tatu za kunywa kwa siku, pasipo kupika wala kunawa. Familia ya watu wanne kwa siku kumi ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Hakuna anayeruhusiwa kupanda na madumu sita. Mawili yanawezekana, nayo yanatosha siku tatu na kitu. Siku zinazobaki ni za maji ya mto yaliyotibiwa, au ya bomba na chemchemi katika miji ya njiani kama Bumba, Lisala na Mbandaka, na hayo ya njiani pia hutiwa dawa.

Sasa tuje kwenye kutibu, ambako ndiko makosa mengi yaliko. Maji ya mto Kongo yana matatizo mawili yanayofanana kwa macho. La kwanza ni tope: chembe za udongo zinazoelea, ambazo ukiyaacha maji yatulie zinazama, na ukichuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne zinapungua. La pili ni rangi. Mito inayotoka kwenye misitu ya kinamasi huleta maji yenye rangi ya chai ya rangi, kwa sababu majani yaliyooza yameyeyuka ndani yake. Mto Ruki, unaoingia Mbandaka, ni mweusi kiasi kwamba mkono ukizama hadi kwenye kiwiko huoni vidole. Rangi hiyo haitulii, hata ukiliacha dumu wiki nzima, na kitambaa hakiigusi.

Ubaya wa rangi hiyo ni huu: inakula klorini. Kidonge cha dawa ya maji kinapoyeyuka, klorini haichagui kati ya kijidudu na mabaki ya jani. Inashambulia vyote, na mabaki ya majani ni mengi zaidi. Baada ya nusu saa klorini imekwisha na vijidudu vingine viko hai. Mtu amefuata maelekezo ya pakiti neno kwa neno, anakunywa kwa amani, halafu anaugua na kuwaambia wenzake kwamba dawa ni ya uongo. Dawa si ya uongo. Pakiti iliandikwa kwa ajili ya maji meupe.

Gazeti hili linaweza kutumika kama kipimo. Jaza chupa ya plastiki angavu ya lita moja, isimamishe juu ya kichwa cha habari kilichochapwa kwa herufi kubwa, kisha chungulia kwa juu kupitia mdomo wa chupa. Herufi zikisomeka, tope si kubwa. Zisiposomeka, maji hayo hayajawa tayari kupokea klorini. Kwa rangi, linganisha chupa hiyo na chupa ya maji ya dukani mbele ya karatasi nyeupe. Ikiwa tofauti unaiona bila kutafuta, yahesabu kuwa maji yenye rangi.

Maji yenye tope au rangi husafishwa kwanza kwa shabu, ile ile ya dukani. Yeyusha gramu 10 za shabu iliyosagwa katika lita moja ya maji safi. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10. Chukua chupa tatu za lita moja za maji ya mto, tia mililita 3 kwenye ya kwanza, 5 kwenye ya pili, 8 kwenye ya tatu. Tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha zungusha polepole dakika tano hadi kumi. Utaona vibonge laini kama maziwa yaliyokatika. Ziache zitulie saa moja, uchague dozi ndogo kuliko zote iliyotoa maji meupe. Ikiwa ni mililita 5, dumu la lita 20 litahitaji mililita 100. Usiongeze kwa kudhani kwamba nyingi ni bora, kwani shabu ikizidi vibonge huvunjika upya na maji hubaki na ladha kali inayokausha ulimi.

Kuna mambo mawili huharibu kazi hii botini. Moja ni mtetemo wa injini: vibonge havishuki sakafu ikitetemeka, kwa hiyo fanya kazi hii usiku boti inapofungwa, kwa maji yaliyochotwa mchana katikati ya mto. La pili ni maji meusi yenyewe. Maji ya aina ya Ruki yana tindikali na karibu hayana chokaa, na shabu inahitaji chokaa kidogo ndipo ifanye vibonge. Ukitia dozi zote tatu na zote zikabaki kama chai, usipoteze shabu yako. Yaache maji hayo, subiri uchote kwenye mto mkuu.

Asiyetaka hesabu atumie pakiti za unga wa gramu 4 zenye dawa ya kugandisha tope pamoja na klorini. Pakiti moja ni ya lita 10: koroga dakika tano, acha yatulie dakika tano, chuja kwa kitambaa kizito cha pamba kwenye chombo kingine, subiri dakika 20. Kwa msafiri wa mto Kongo tunaipendelea hii kuliko njia nyingine zote. Kosa la kawaida ni kuchuja kwa khanga nyepesi, ambayo hupitisha vibonge na kila kilichonaswa ndani yake.

Maji yakishakuwa meupe, klorini inafanya kazi yake kama inavyotakiwa. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20. Kikiwa cha miligramu 33 ni cha lita 10, na watu huvichanganya kwa sababu vinafanana. Soma namba kwenye karatasi yake. Maji yakibaki na ukungu kidogo, tia viwili. Jiki ya kawaida ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni, ni mililita 1 kwa lita 20 za maji meupe, 2 kwa yenye ukungu. Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Kizibo cha chupa hubeba takribani mililita 5, na dozi hiyo inafanya maji yanuke kiasi kwamba watoto watakataa kuyanywa na kurudia ya mtoni. Funga, tikisa, subiri dakika 30. Jiki iliyokaa miezi kadhaa karibu na injini hupoteza nguvu, kwa hiyo nunua chupa ndogo mpya kwa kila safari na uiweke kivulini.

Njia ya kuanika chupa juani kwa saa sita, inayofaa kwingine, hapa isitegemewe. Miale inayoua vijidudu haipenyi maji yenye rangi ya chai. Vichujio vya mirija midogo vyenye matundu ya mikroni 0.1 ni vizuri kwa bakteria na kwa vimelea ambavyo klorini haiviui, lakini havizuii virusi. Kwa hiyo chuja, kisha tia klorini. Na maji yanayonuka petroli au dizeli mwageni. Kuchemsha, shabu, klorini, chujio la mirija, hakuna kati ya hivyo kinachoondoa mafuta.

Halafu linakuja kopo. Dumu limetibiwa vizuri, lina klorini ya kutosha, kisha linamiminwa kwenye ndoo ya wazi, na kopo moja la plastiki linaelea juu. Mama anachota na kumpa mtoto, mtoto analirudisha, jirani aliyetoka tezini anachota, vidole vyake vinazama hadi kwenye fundo la pili. Kufikia jioni ndoo hiyo haina tofauti na mto. Maji ya kunywa yakae kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na yamiminwe, yasichotwe. Dumu lenyewe lioshwe kabla ya safari kwa changarawe safi, sabuni na maji, litikiswe mpaka utando wa ndani uachie, kisha lisuuzwe kwa maji ya klorini. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au rangi halifai hata likioshwa mara kumi.

Maji ya vifuko yanayouzwa na wachuuzi wa mitumbwi huwa na kasoro iliyo nje ya mfuko. Mchuuzi huvipoza kwa kuviloweka kwenye beseni la maji ya mto, na mnunuzi hung'ata kona kwa meno. Kifute kifuko kwa kitambaa chenye maji ya dawa, kata kona kwa wembe, mimina kikombeni. Barafu achana nayo kabisa. Mswaki na matunda vitumie maji yale yale unayokunywa.

Kwa vyombo vikubwa, yaani pontoni za chuma na meli za Ziwa Tanganyika, hatari iko kwenye tangi na mpira wa kujazia. Maji yanaweza kutoka bombani yakiwa safi, yakachafuliwa ndani ya mita 30 za mpira uliolala gatini, mdomo ukiwa kwenye dimbwi, mpira ule ule ulioosha sakafu asubuhi. Mpira wa maji ya kunywa uwe wake peke yake, uwe na rangi yake, uning'inizwe ukiwa na vizibo pande zote mbili, na maji ya dakika mbili za kwanza yamwagwe. Tangi liwe na kifuniko kinachofungwa, na bomba la kupumulia lielekee chini na kuwekwa wavu. Pampu inayovuta maji ya mto kupoza injini isiunganishwe nalo hata kwa koki iliyofungwa, maana koki huvuja. Tangi lipigwe dawa kabla ya msimu: kwa lita 1,000 tumia gramu 77 za klorini ya unga ya asilimia 65, iyeyushwe kwanza kwenye ndoo, ikae saa 24, imwagwe yote, lisuuzwe. Baada ya hapo kila ujazo mpya wa lita 1,000 za maji meupe hutiwa takribani gramu 3. Kutu hula klorini kama majani yanavyokula, kwa hiyo tangi lenye kutu litapoteza dawa kila siku hadi likwanguliwe.

Kipimo cha klorini ni kisanduku kinachokaa kiganjani. Unatia mililita 10 za maji, kidonge cha DPD namba 1, na rangi ya waridi inatokea. Nusu saa baada ya kutia dawa isome miligramu 0.5 kwa lita, na kwenye bomba la abiria isishuke chini ya 0.2. Klorini ikizidi mno rangi hupauka na kipimo kuonekana kama sifuri. Maji yakinuka dawa na kipimo kikisema hakuna, yazimue kwa maji safi upime tena.

Na mtu akiugua njiani, akiharisha maji yanayofanana na yaliyooshea mchele, msingoje mji mkubwa. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Pakiti moja ya chumvichumvi (ORS), ya kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji yaliyotibiwa, anywe kidogo kidogo bila kukoma hata akitapika, na mtoto aendelee kunyonya. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Nahodha afunge kwenye kituo cha afya cha kwanza. Ugonjwa huonekana ndani ya saa 12 hadi siku tano baada ya kunywa, kwa hiyo wengine waliokunywa chombo kile kile waangaliwe mpaka siku hizo zipite.

Vyombo vinavyovuka mpaka, kama vya Kigoma na Kalemie, vinaweza kudaiwa cheti cha usafi wa meli chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ambacho hudumu miezi sita tu. Boti ya Kisangani na Kinshasa haivuki mpaka, hivyo kanuni hizo haziigusi, ingawa abiria wake wanakaa majini muda mrefu zaidi. Tunaomba mamlaka za bandari pande zote ziweke ukaguzi wao mdogo kabla ya chombo kuondoka: tangi au mapipa yenye koki na vifuniko, mpira wake, klorini ya kutosha safari nzima, pakiti mia moja za chumvichumvi, sehemu moja ya kupikia yenye bati chini na mchanga pembeni, mbali na mafuta. Haichukui zaidi ya dakika 20. Mkaguzi afungue koki ya abiria, ajaze kile kisanduku, atie kidonge. Pasipo rangi ya waridi, kamba isifunguliwe.

Wataalamu wa maji na afya ya mazingira,
Kigoma